Mteja Anataka Kuona Kidole

Saa kumi na moja alfajiri simu yangu imetoa mlio. Mtu mzima ukisikia simu saa hiyo, cha kwanza unahesabu wazee wako waliobaki kijijini, mmoja mmoja, kwa majina. Nimeipapasa chini ya mto mkono unatetemeka, nimefungua, nakutana na ujumbe: "Kaka mambo. Hiyo FIFA 19 picha ni ya kwako au umeitoa Google?"

Nikajibu kwa ustaarabu wote wa mfanyabiashara. Ndugu mteja, picha ni yangu, CD ya gemu ni yangu, na hiyo meza yenye mguu wa kuunga ni yangu pia. Akasema sawa, piga tena ukiwa umeweka kidole. Nikaweka kidole. Kimya kidogo. "Mbona kidole kimezeeka hivyo?" Nikameza. Akaendelea: andika jina langu kwenye karatasi, weka na tarehe ya leo, piga pamoja na CD. Jamani, mimi nilipokwenda kuposa sikudaiwa ushahidi wa namna hiyo. Nikachana ukurasa wa daftari la mtoto, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, nikaweka tarehe, nikapiga, picha ikaondoka kwa mwendo wa kinyonga maana bando lenyewe mnalijua. Tiki mbili zikageuka bluu. Akaandika: "Safi kaka. Ntakucheki mwisho wa mwezi."

Leo ni tarehe 3.

Naomba nieleweke. Mimi si mchuuzi wa kubahatisha. Nilikuwa na banda la gemu za PlayStation, PS2 mbili, PS3 moja, na baadaye PS4 niliyoipata kwa zamu yangu ya upatu. Vijana walikuwa wakiniita Mkurugenzi. Habari za banda lilivyokwisha tuziache. Aliyewahi kudaiwa kodi ya fremu ya miezi sita kwa mkupuo hahitaji kusimuliwa. Kilichobaki ni boksi la CD 61 na ushauri wa kijana mmoja wa mtaani: mzee, siku hizi duka ni picha, fremu haina kazi. Nikamwamini. Nilimwamini mtu ambaye mpaka leo namdai hela ya mechi nne.

Hakuniambia kwamba kava la gemu ni kioo. Miaka yote nimelishika nikidhani ni plastiki. Picha ya kwanza niliyoweka mtandaoni ilikuwa gemu la mieleka la PS4, elfu 30, kava la bluu, safi kabisa. Ndani ya lile bluu nimetokea mimi, kifua wazi, taulo begani, mdomo wazi kama sangara aliyefika soko la Mwaloni tangu juzi. Zikaja komenti 14. Hakuna hata moja iliyouliza bei. Shemeji yangu aliandika "pole na majukumu".

Ukizima flashi, giza. Ukiiwasha, katikati ya kava linachomoza jua dogo, linakalia jina la gemu, mteja anauliza hii ni gemu gani. Usiku nilijaribu kibarazani, vijidudu vya ziwani vikafuata mwanga wa simu, vikaitandika CD yote. Mteja wa Buhongwa akauliza kama ile ni fangasi. Na wa Sengerema, ambaye kila nikimwambia njoo uchukue alikuwa anasingizia foleni ya kivuko? Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, kama kilomita 3 juu ya maji, gari linapita dakika chache tu. Nikamtumia ujumbe wa kumpongeza kwa daraja. Sasa anasingizia mvua.

Nina CD moja ya PlayStation ya kwanza kabisa, orijino, ya miaka ya 90. Orijino za wakati ule chini zilikuwa nyeusi, ndivyo Sony walivyozitoa. Lakini kwetu hapa nani aliiona orijino? Sote tumekulia za kuchoma. Nikapiga upande wa chini kuonyesha kwamba haina hata mkwaruzo. Mtu akauliza, "Kaka hiyo si imeungua?" Nikaeleza vizuri, aya nzima, na historia yake. Akajibu: "Sawa nimekuelewa. Lakini imeungua."

Basi yule kijana wa duka-ni-picha akanielekeza tena: tandika shuka jeupe, tafuta mwanga wa jua. Shuka jeupe nyumbani kwangu lipo moja, la wageni, na mgeni wa mwisho kulilalia alikuwa mama mkwe. Leo nilisubiri mama watoto aende sokoni, nikalikunja kwapani, nikabeba boksi langu, nikapanda mwambani.

Sisi wa Igogo nyumba zetu tumezichomeka katikati ya mawe, na kwangu jiwe ndilo ukuta wa jikoni. Nyuma huko juu kuna mwamba bapa, ukisimama unaliona ziwa mpaka linapoishia macho. Mwanga upo wa kumwaga. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua letu halina kona kona, linakukalia utosini. Nikafika saa nne asubuhi. Mwamba wote umeanikwa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha.

Kisheria ule mwamba ni wa Mungu. Kwa matumizi ni wa bibi mmoja wa nyumba ya juu, na alikuwepo, kwenye kigoda, na fimbo ya kuku mkononi.

"Mwangaluka mayu."

"Mwangaluka ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola duhu."

Kisukuma changu kinaishia hapo. Yeye anajua, akahamia Kiswahili.

"Hilo shuka umekuja kuanika?"

"Hapana bibi, nimekuja kupiga picha."

"Ya shuka?"

"Ya CD, bibi. Nauza."

Nikaisogeza michembe kidogo. Kidogo ni neno langu. Yeye anasema niliifagia. Nikatandika, nikapanga CD tano kwa mstari kama timu inayosubiri wimbo wa taifa. Bibi akanyanyuka, akaja, akaokota moja kwa vidole viwili, akaigeuza, akailenga juani. Mwanga ukaruka mpaka kwenye nyumba za mteremko wa pili, mtu akapiga kelele huko. Kuku watatu waliokuwa wanainyemelea michembe wakatimua mbio. Bibi akaitazama CD. Akawatazama kuku. Akanitazama mimi.

Nikajua nimekwisha.

"Hizi shilingi ngapi?"

"Zinatofautiana, bibi. Hiyo uliyoshika elfu 45."

"Punguza."

"Bibi, hizi ni za kuchezea kwenye tivii."

"Sijauliza zinachezewa wapi. Kunguru wananimaliza."

Nimehudumia wateja miaka minane bandani, sijaona mtu anayekagua CD kama yule bibi. Vijana wanatazama kava tu, wanataka kujua Ronaldo yupo au hayupo. Yeye alikaa chini, akazipakata kwenye kanga, akawa anazipitisha juani moja baada ya nyingine kama sonara. Nikaona nimwahi. Nikamtolea FIFA 14, FIFA 15 na FIFA 16, nikamwambia bibi, chukua hizi, zawadi. Maana gemu la mpira ni sawa na gazeti; kila mwaka linatoka jipya, la mwaka jana linakuwa la kufungia maandazi. Hata jina lenyewe liliishia FIFA 23, siku hizi linaitwa FC, mimi nimebaki natunza boksi la marehemu. Bibi akaipokea FIFA 14. Akaielekeza juani. Akasonya.

"Hii ina mikwaruzo. Ndege haiogopi hii."

"Sasa bibi, ndege atajuaje mikwaruzo?"

"Wewe unauza kitu, hujui anayekitazama anaona nini?"

Akanirudishia. Akanirudishia, ndugu zangu! Kitu cha bure kimekataliwa kwa ubora. Na mkono wake ukarudi palepale kwenye ile ya elfu 45, safi, gemu la PS4 ambalo niliapa mbele ya watoto kwamba silishushi bei hata aje nani.

Hapo nikavaa ukurugenzi wangu. Nikajikohoza. Nikamweleza kitaalamu kwamba bibi, hii ni Blu-ray. Zile za PS2 zilikuwa DVD, data yake imefukiwa milimita 0.6 ndani ya plastiki, inavumilia shida. Lakini hii data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso, ndiyo maana waliotengeneza wameipaka gamba gumu juu yake, na hata hivyo ni kitu cha kushikwa kwa adabu. Ukiitundika kwenye kamba, upepo wa ziwa ukaibamiza jiweni, imekufa hiyo.

"Kumbe inaogopa jiwe."

"Ndiyo, bibi."

"Na kucha za kuku?"

"Nazo."

"Na unaiuza elfu 45."

"Ndiyo, bibi."

Akaniambia ana sahani ya bati aliyohama nayo wakati wa Operesheni Vijiji, 1974, juu ya mkokoteni. Imekanyagwa na ng'ombe. Mjukuu wake ameichezea usukani. Jana usiku ameilia ugali wa udaga. Nikatafuta la kujibu, sikulipata, na wakati nalitafuta jogoo akatokea kwenye tope la nyuma ya choo, akakatiza juu ya shuka la mama mkwe taratibu kabisa, kona mpaka kona, akasimama katikati, akaacha alichoacha, akaendelea na safari.

"Huyo si wangu," bibi akasema.

Tukakubaliana kodi ya mwamba. Nasema tukakubaliana lakini mimi nilikuwa natikisa kichwa tu. CD mbili, safi, za kuchagua mwenyewe, zitundikwe leo leo na mimi mwenyewe, na kamba nije nayo. La pili: siku zote ambazo michembe iko nje, wingu likionekana upande wa ziwa, mimi ndiye wa kukimbia kuianua, kwa kuwa magoti yake hayamruhusu na mimi ni mtu ambaye, namnukuu, "unashinda nyumbani". Nikamwambia bibi, mimi nafanya biashara mtandaoni. Akasema ndiyo, hapo nyumbani.

Nikatundika. Ile ya elfu 45 inaning'inia kwenye mti wa mpapai, inazunguka, inameremeta, na sijaona kunguru tangu saa tano. Siwezi kukataa, inafanya kazi kuliko ilivyowahi kufanya bandani.

Na picha? Picha zimetoka hatari. Shuka nikalikunja upande msafi, mwanga umekaa, herufi za kava zinasomeka mpaka zile ndogo za Kijapani, nyuma ziwa la bluu na michembe myeupe imejipanga kama mapambo. Nikaweka 20 kwa mpigo. Nikaandika bei. Nikaandika "picha halisi, mwamba halisi". Nikachemsha chai nikasubiri.

Simu imewaka moto! Haijawahi kulia hivyo tangu banda lifungwe. Wa kwanza, yuko Dar: "Kaka michembe debe shilingi ngapi?" Wa pili, Kahama: "Hiyo michembe ni ya mwaka huu?" Wa tatu anataka magunia mawili na anauliza kama naweza kuyafikisha stendi ya Nyegezi jioni. Wa Dar akarudi, anasema ameishi huko miaka 11, mke wake hajui michembe ni nini, nimtumie haraka, ila kwanza, kwa usalama wake, nipige picha ya michembe nikiwa nimeweka kidole.

Nimeweka kidole kwenye michembe ya watu.

Halafu akajitokeza mmoja, sijui ametokea wapi, akaandika: "Hayo ni matobolwa." Hapo ndipo damu ilinichemka. Matusi ya picha nimevumilia, kidole kimeitwa kizee nimenyamaza, lakini matobolwa? Matobolwa ni viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikatwe vianikwe! Michembe inamenywa, inakatwa, inaanikwa mbichi! Hata mimi ambaye Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu nalijua hilo! Nikamwandikia kwa herufi kubwa. Akajibu kwamba kwao wanaita hivyo. Kwao wapi? Akakataa kusema. Wakaingia wengine, mmoja akaleta habari za kula na karanga, mwingine akasema maziwa mgando, wakatukanana, sasa hivi komenti ni 63 chini ya picha ya FIFA 19, na hakuna hata mmoja aliyeiona FIFA 19.

Nimemfuata bibi kumwambia ana soko. Ameniuliza debe nimesema ngapi. Nimemtajia. Akasema nimeuza bei ya mjinga, na kwamba kesho nisiongee na wateja wake, nipige picha tu.

Mama watoto naye karudi, anafungua kabati la pili sasa, najua anatafuta nini, liko kwenye beseni nyuma ya pipa na Omo ya mia mbili. Ningeeleza vizuri zaidi lakini kumeingia weusi upande wa ziwa, upepo umebadilika, na bibi anagonga fimbo kwenye bati la jikoni kwangu. Akigonga mara mbili maana yake ni wingu. Huyu amegonga mara sita. Anayetaka FIFA 19 ni elfu 15, haipungui, aje nayo mkononi, na aje na turubai.