Mimi Fundi Mageti, Pete Zenu Zinanihusu Nini?

Nina kibanda cha kuchomelea hapa Tabata, kando ya barabara, na bango lake linasomeka vizuri tu: mageti, grili, vitanda vya chuma, stendi za matangi. Pete haimo. Leo asubuhi nimelisoma tena kuhakikisha, maana nimeanza kushuku kuna mtu anakuja usiku kuniongezea maneno.

Kijana anafika, bodaboda kaiacha juani, helmeti kwapani. "Shikamoo mzee." Marahaba. Anatia mkono mfukoni, anatoa nati. Nati kubwa, ya spana 24, ina grisi bado. "Naomba unisagie hii iwe pete ya uchumba."

Nikamtazama. Hacheki. Akanieleza kwamba nati ile imetoka kwenye lori alilokuwa utingo siku aliyokutana na binti pale Chalinze, kwa hiyo ni kumbukumbu. "Dhahabu kila mtu anayo, mzee. Hii hana mtu." Kweli hana mtu. Hata mwenye lori sasa hana.

Nikauliza kipimo cha kidole. Akanyoosha cha kwake: "Kama hiki, ila chembamba." Haya. Nikaibana kwenye jiliwa, nikapanua tundu kwa tupa ya duara, nikala zile pembe sita kwa grainda, nikapiga msasa namba ndogo kisha kubwa mpaka ikang'aa nikajiona nilivyonuna. Nilipotaja bei akashika kichwa. "Mzee punguza bwana, haya ni mambo ya mapenzi." Mapenzi gani yananunua umeme? Grainda ikiwaka uniti zinakimbia, na mita haijui nani anampenda nani.

Akaona anipoze na elimu. Eti Warumi wa kale nao walimpelekea mchumba pete ya chuma, haina hata jiwe. Sawa, ni kweli, aliandika hivyo Mrumi mmoja aitwaye Pliny. Lakini Warumi hawakuja kunisumbua mimi.

Nikadhani huyo ndiye wa mwisho. Wapi! Wa pili alikuja na simu, ananionyesha pete ya mwigizaji wa Marekani, Megan Fox, aliyovishwa mwaka 2022 na mwanamuziki Machine Gun Kelly. Zumaridi na almasi pamoja, na bwana mwenyewe akatangaza kwamba mikanda ya pete ile ni miiba, ukitaka kuivua inauma. Kijana macho yanamwaka: "Fundi, hii unaiweza?" Nikamwambia kwetu hiyo inaitwa seng'enge, inauzwa kwa mita, apite duka la pili.

Nina rafiki yangu sonara kule Kariakoo, tunapashana habari Ijumaa tukitoka msikitini. Yeye anacheka tu, ana haki ya kucheka, kwake angalau watu wanakuja na dhahabu. Aliniambia Prince Albert alimvisha Malkia Victoria wa Uingereza pete ya umbo la nyoka. Hebu jaribu hapa. Mpe binti wa watu pete ya nyoka, kikao chote cha posa kinahamia kwa mganga. Akanieleza pia kwamba haya mambo ya "bila almasi hakuna uchumba" si desturi ya tangu Adamu hata kwa hao Wazungu. Almasi walikuwa nayo wakuu tangu zamani, lakini mtu wa kawaida aliambukizwa na matangazo ya kampuni ya De Beers, wauza almasi wenyewe. Mwaka 1947 wakaja na ule msemo wao kwamba almasi ni ya milele, na baadaye wakampangia mwanamume hadi mishahara mingapi aitoe. Yaani muuza nyanya akupangie nyanya ngapi zinaonyesha unampenda mkeo!

Na mwaka huohuo wa 1947, mgodi wa Mwadui huko Shinyanga ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Mwenye mgodi, Mkanada Williamson, akampa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi. Ikachongwa, ikapigwa kwenye bruchi. Shinyanga imetoa, London imevaa, mimi Tabata naletewa nati.

Mtasema kuna tanzanite. Ipo, na ni yetu peke yetu, Mirerani tu dunia nzima, iligunduliwa 1967, na ile buluu yake ukiiona unasahau deni. Ila sonara anaiogopa kwenye pete ya kila siku. Kwenye kipimo cha ugumu, almasi ni 10, tanzanite inacheza kati ya 6 na 7, na chembe za mchanga wa kawaida ni 7. Sasa mpe mwanamke anayesugua sufuria kwa mchanga na majivu. Mwaka hauishi jiwe limekuwa na ukungu, na wewe unaambiwa uliuziwa chupa.

Kinachoniudhi hasa si pete lakini. Chuma nitasaga, hela nitachukua, nitanung'unika nikienda kulala. Kinachoniudhi ni hili goti la hadharani. Siku hizi mtu hajui kama anakubaliwa, hajamuuliza mtu, hajatuma mtu, lakini kashakodi mpiga picha, keki, maputo na mashahidi.

Mpwa wangu ndiye mpiga picha wa mambo hayo. Juzi kati alikodiwa na jamaa wa Temeke aliyechagua kuvisha pete ndani ya pantoni, katikati ya maji, Kigamboni kule na Magogoni huku. Wazo tamu, kwenye simu. Pantoni lenyewe limejaa, bodaboda hizi, akina mama na ndoo za samaki wametoka Feri, sakafu inateleza maji ya vibua. Jamaa akashuka goti palepale kwenye maji, suruali nyeupe, kiboksi mkononi.

Binti akamwambia kwa sauti ya chini, "Inuka."

Hakuinuka. Abiria nao, unawajua abiria wa Dar, hakuna kikao kisichowahusu. "Kubali dada, mwenzio ameloa!" Mwingine: "Usikubali, muulize kwanza kapanga au kajenga!" Mama wa ndoo anataka kujua mbona kiboksi kidogo hivyo. Binti akauliza, "Baba anajua?" Jamaa akasema alitaka iwe saprize. "Basi kamfanyie kwanza baba saprize."

Tatizo la pantoni ni kwamba halishushi njiani. Ungekuwa kwenye daladala ungegonga bodi, ukashuka Buguruni na aibu yako. Pale ilibidi wasimame bega kwa bega mpaka ng'ambo, watu wamewakodolea macho kama wanasubiri kipindi cha pili. Kufika Kigamboni binti akapanda bajaji bila kugeuka. Jamaa akarudi kupanga foleni ya tiketi, maana kwake ni upande ule aliotoka. Na mpwa wangu kalipwa nusu, eti kazi haikukamilika! Kazi gani haikukamilika? Alirekodi mpaka mwisho.

Wazee wetu walikuwa na akili, na sisemi hivi kwa sababu nimekuwa mzee. Alitafutwa mshenga, mtu mzima, koti lake, maneno yake ya kupima. Anapeleka barua ya posa kwenye bahasha, kitambaa ndani na hela kidogo ya heshima. Upande wa pili wanasema tumepokea, tutawajibu. Kama hawataki, hawasemi hawataki. Wanasema binti bado anasoma. Binti ana miaka thelathini na mbili, anafanya kazi benki, lakini bado anasoma. Mshenga anaelewa, anaaga, anameza peke yake, na wewe mwoaji kesho unakunywa kahawa barazani, mtaa hauna habari. Hakuna aliyekataliwa mbele ya ndoo za vibua.

Na wakikubali, ndipo mambo yanafuatana, kishika uchumba, mahari, mkaja wa mama, kila hatua na mashahidi wake. Siku hizi mtu akivisha pete ya nati juu ya pantoni anaona kamaliza. Ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa kudai fidia, na zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa hiyo zinaweza kudaiwa zirudishwe. Namwonea huruma karani wa mahakama atakayeandika: kielelezo cha kwanza, nati, imesagwa.

Halafu wiki mbili nyuma kaja mwingine, huyu ana hela kidogo na mipango mingi. Hataki pete, pete kanunua kwa sonara. Anataka herufi. Herufi za chuma, urefu wa mtu, zenye matundu ya kutia balbu, zisimame mchangani Coco Beach binti akifika jioni. Alitaka maneno marefu: NAOMBA UKUBALI MPENZI WANGU WA MAISHA. Nikamwambia nalipisha kwa herufi. Akakaa kwenye kopo la rangi, akaanza kukata. Maisha yakaondoka kwanza. Kisha wangu. Akafikiri sana kuhusu mpenzi, naye akaenda. Tukaishia KUBALI, herufi sita, utangulizi nusu, nyingine baada ya shughuli.

Shughuli ikafanyika. Binti akasema anahitaji muda. Herufi zikarudishwa kwangu usiku na kirikuu, dereva naye ananidai mimi, na jamaa simu hapatikani.

Sasa zimepangwa mbele ya kibanda, sina pa kuziweka. KUBALI, futi sita, rangi nyekundu. Majirani wananiuliza nimeokoka lini, na mimi Mwislamu. Mke wangu anataka kujua ni nani huyo ninayembembeleza. Jana jioni akapita bwana mmoja na gari la vioo vyeusi, anajiandaa kugombea udiwani, akazizunguka mara mbili, akapiga picha, akauliza kama zinakodishwa.

Nikamwambia zinakodishwa, kila herufi ina bei yake, ila mimi nalipwa yote kabla watu hawajajibu.