"Three" ya U2 na nakala zake 1000

Hata wapenzi wakubwa wa U2, bendi ya roki ya Ireland, huitaja santuri yao ya kwanza kwa haraka, kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa kinachotosha kuonyeshwa na kurudishwa kabatini. "Three", santuri fupi ya nyimbo tatu, ilitolewa Septemba 1979 na CBS ya Ireland, na lawama inazobebeshwa ni mbili: kwamba rekodi yenyewe ni dhaifu, na kwamba kampuni kubwa ya muziki iliwapa vijana wale wa Dublin mkataba finyu usiovuka mipaka ya nchi yao.

La udhaifu sina sababu ya kulipinga. "Out of Control" na "Stories for Boys" zilirekodiwa upya chini ya prodyuza Steve Lillywhite kwa ajili ya albamu "Boy" ya Oktoba 1980, na anayesikiliza matoleo hayo mawili kwa kufuatana huiona tofauti mara moja. Katika toleo la 1979, ngoma za Larry Mullen, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 18, zinasikika kama zimefungiwa sandukuni, na gitaa la The Edge halijapata ile nafasi pana ambayo baadaye ingemtambulisha. Wimbo wa tatu, "Boy/Girl", haukuingia katika albamu hiyo kabisa.

Lawama ya mkataba ndiyo inayohitaji kupimwa kwa utulivu zaidi. Wanaoitoa hukumbusha kwamba ofisi ya CBS ya London ilikataa kuichukua bendi hiyo, na kwamba toleo la kwanza la inchi 12 lilikuwa la nakala 1000 tu, kila moja ikiwa na namba yake. Kwao, idadi hiyo ni ushahidi wa kampuni isiyoiamini bendi yake.

Nimeitafakari idadi hiyo mara nyingi, na kila mara naiona kuwa inasomwa vibaya. Mwaka 1979 Jamhuri ya Ireland ilikuwa na watu wapatao milioni 3.4. Bendi haikuwa na albamu, na sifa yake kubwa nje ya kumbi za Dublin ilikuwa ushindi wa shindano la vipaji la mjini Limerick la Machi 1978, lililowapatia pauni 500 na nafasi ya kurekodi nyimbo za majaribio. Kwa bendi ya namna hiyo, nakala 1000 zenye namba ziliufanya ununuzi uwe tukio: aliyewahi alikuwa na chake, na aliyechelewa aliulizia. Nakala 10,000 zilizobaki madukani zikipigwa vumbi zingeweza kuizika bendi kabla haijaanza.

Idadi hiyo haiwezi pia kutenganishwa na namna wimbo wa upande wa kwanza ulivyopatikana. Bendi ilizipeleka nyimbo zote tatu katika kipindi cha mtangazaji Dave Fanning, redioni RTÉ, shirika la utangazaji la taifa la Ireland, na wasikilizaji wakachagua "Out of Control". Kwa hiyo santuri ilipofika dukani tayari ilikuwa na watu waliojiona kuwa wameshiriki kuitengeneza, jambo ambalo bajeti kubwa ya matangazo hainunui. Santuri iliingia katika chati ya Ireland.

Ni kweli kwamba ufinyu ule ulikuwa na gharama. Bendi ilikwenda kupiga London mwishoni mwa 1979 bila kampuni ya kuibeba huko, mbele ya hadhira ndogo, na vijana wa umri wa miaka 18 na 19 wangeweza kukata tamaa. Siwezi kudai kwamba CBS ilikusudia kuwaachia uhuru. Wakubwa wa London walikataa tu. Hata hivyo, mkataba wa nchi moja uliwaacha bila kufungwa popote pengine, ilhali mkataba wa dunia nzima, uliosainiwa wakati sauti yao ilikuwa bado haijaiva, ungewaweka chini ya ofisi ambayo haikuwapenda.

Februari 1980 walipiga katika National Stadium ya Dublin, mbele ya watu wa nyumbani waliokwisha kuzijua nyimbo zile, na mjumbe wa Island Records, kampuni ya rekodi ya Uingereza, alikuwepo ukumbini. Mwezi uliofuata Island ilisaini nao mkataba, na kwa nchi zote zilizo nje ya Ireland hapakuwa na mtu wa kuombwa ruhusa.