Aproni ya risasi: inamkinga mgonjwa au inamtuliza tu?

Aliyewahi kupigwa eksirei miaka ya nyuma huenda anaikumbuka aproni nzito ya risasi (madini, si ile ya bunduki) aliyofungwa kiunoni. Mhudumu aliyekufunika alionekana anaijua kazi yake. Kisha mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kikatamka kwamba kumfunika mgonjwa sehemu za uzazi kusiwe tena jambo la kila siku. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha huko huko kikapendekeza aproni na ukosi wa shingoni viachwe. Wagonjwa waliguna, na baadhi ya wataalamu wa mionzi pia.

Ubishi huu haueleweki bila kuchungulia ndani ya mashine. Eksirei huzaliwa kwenye bomba lililonyonywa hewa yote. Upande mmoja kuna kathodi, uzi wa tungsteni unaopashwa moto hadi elektroni zichomoke. Muundo huo aliuleta William Coolidge mwaka 1913. Upande wa pili kuna anodi, sahani ya tungsteni ambayo kwenye mashine nyingi huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mtaalamu akibonyeza kitufe, umeme wa kilovolti kati ya 40 na 150 hivi huzivuta elektroni kwa kasi ya kutisha hadi ziigonge sahani. Zinapopita karibu na viini vya atomi hupunguzwa mwendo ghafla, na nguvu zinazopoteza hutoka kama mionzi. Nyingine hung'oa elektroni za ndani za atomi za tungsteni, na pengo linapozibwa mionzi zaidi hutoka.

Kazi yote hiyo, mionzi inayopatikana ni takriban asilimia 1 ya nguvu iliyotumika. Iliyobaki ni joto. Ndiyo maana sahani inazunguka, ili doa moja lisiunguzwe hadi kuyeyuka, ingawa tungsteni huvumilia nyuzi joto zaidi ya 3,400 za Selsiasi. Umeme ukikatika, mionzi imekwisha papo hapo. Wanaoogopa kuingia chumba cha eksirei mashine ikiwa imezimwa wanajisumbua bure.

Hapa ndipo hoja ya wanaoikataa aproni inapopata nguvu. Mwale hutoka kwenye dirisha moja tu na kubanwa na vizibo vya risasi. Ule mwanga wa taa unaouona mwilini unaonyesha utakapoangukia. Picha ikiwa ya kifua, mionzi inayofika kwenye ovari kwa sehemu kubwa ni ile iliyotawanyika ikapita ndani ya mwili wenyewe. Aproni iko nje ya ngozi. Ni kukomea mlango mwizi akiwa tayari uvunguni.

Na picha ikiwa ya nyonga? Aproni inaweza kuficha mfupa unaotafutwa, picha ikarudiwa, mgonjwa akapata mionzi mara mbili. Mashine za kisasa zina vihisio vinavyokata mionzi picha ikitosheka. Risasi ikivifunika, mashine hudhani mionzi haitoshi na kuiongeza. Isitoshe, hofu iliyoileta aproni ilikuwa ya kurithisha madhara kwa watoto, na hayo hayajaonekana hata kwa watoto wa manusura wa Hiroshima na Nagasaki. Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, ilipunguza uzito inaozipa tezi za uzazi katika hesabu zake za hatari ya mionzi kwa mwili mzima kutoka 0.20 mwaka 1990 hadi 0.08 mwaka 2007.

Hoja hizo ni nzito, lakini zimejengwa juu ya mashine nzuri. Penye mashine kuukuu isiyo na vihisio, vizibo vimelegea, na mhudumu mwenye foleni ndefu anauacha mwale ummulike mtoto kuanzia kidevu hadi mapaja, aproni hukinga kitu halisi. Na kuna suala la imani. Mgonjwa anamwona mhudumu akijificha nyuma ya ukuta, yeye akiachwa wazi. Kumwambia kwamba eksirei moja ya kifua ni milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 0.1 au pungufu, ilhali mionzi ya asili kutoka ardhini na angani humpa binadamu wastani wa 2.4 kwa mwaka, ni jibu sahihi ambalo halimtoshi. Aambiwe pia kwamba yeye anapigwa picha moja na kwenda zake, mhudumu yumo humo siku nzima.

Mimi naegemea upande wa kuacha kuitumia aproni, kwa sharti moja: fedha na muda vihamie kwenye kukagua mashine na kumfunza mhudumu kubana mwale. Kuondoa aproni pasipo hilo ni kubana matumizi tu. Na mjamzito aseme kabla hajapanda mezani. Swali la kwanza kwake ni kama picha hiyo inahitajika kweli, kabla ya kuulizana habari za aproni.

Mzazi anayemshika mtoto asitikisike ni habari nyingine kabisa. Yeye hapigwi picha, hivyo aproni yake haifichi mfupa wa mtu wala haigusi kihisio. Mionzi inayomfikia inatoka mwilini mwa mtoto na kupita hewani, na njia hiyo risasi inaiziba. Afungwe aproni, asimame pembeni, mikono yake isiingie kwenye ule mwanga.