Moyo Wangu Uko Kwenye Mgomo Baridi

Ugonjwa wa maana ni ule unaoletewa matunda. Aliyevunjika mguu hata mama mkwe huja na kuku. Mimi moyo wangu unadunda mara 42 kwa dakika, wakati wa watu wengine ukiwa umetulia hupiga 60 hadi 100, na sijaona hata ndizi moja.

Pale Kondele ninapochomelea mageti, habari ilifika kabla yangu. "Omera, kumbe ndiyo maana geti la mwalimu limelala hapa tangu Pasaka!" Mwenye nyumba alikuja kunipa pole akapandisha kodi papo hapo, eti mshtuko kidogo utauamsha.

Muuguzi naye alinishika mkono, akatazama saa, akaniuliza kama mimi ni mkimbiaji. Ni kweli, wanariadha wa Iten mioyo yao hupiga polepole bila neno, kwa sababu kila pigo linasukuma damu nyingi. Nikamtazama. Akatazama tumbo langu. Akafuta alichoandika.

Kliniki yenyewe iko ghorofa ya tatu na lifti ni pambo la ukuta. Mgonjwa wa kizunguzungu unapandishwa ngazi ukaeleze kwamba ukipanda ngazi unapata kizunguzungu!

Halafu wakanifunga kimashine cha kurekodi moyo kwa saa 24. Vibandiko kifuani, nyaya, kisanduku kiunoni, na marufuku kuoga. Joto hili la Kisumu, la Februari, usioge! Kwenye matatu nilipewa kiti kizima peke yangu. Juu ya hayo unapewa daftari uandike kila unachofanya na unavyojisikia, walinganishe na mchoro. Nikaandika kwa uaminifu:

Saa tatu: ngazi. Kizunguzungu.

Saa saba: ugali na omena. Usingizi.

Saa kumi na mbili: mama watoto anadai pesa za chama. Hakuna dalili.

Mama watoto akalisoma. "Baba Achieng, hakuna dalili?"

Saa kumi na mbili na robo: dalili.

Majibu yalipotoka, lawama zikaangukia kwanza vidonge vyangu vya presha. Nameza atenolol, na dawa hiyo hupunguza mwendo wa moyo. Lakini kuziacha ghafla ni hatari, kwa hiyo daktari anazipunguza kidogo kidogo. Hata kuacha upolepole kunafanywa polepole!

Ikishindikana nitawekewa kifaa cha betri chini ya ngozi, karibu na mtulinga, kiwe kinauchokoza moyo ukizubaa. Mtu wa kwanza kushonewa kifaa hicho mwilini alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, mwaka 1958. Alitumia 26 maishani na akaishi hadi 2001. Shemeji yangu hakuuliza hata aliugua nini. Aliuliza vile 25 vilivyotolewa vilienda wapi. Ana meza ya vyuma chakavu sokoni Kibuye.

Balaa ni kwamba mashine ya kuchomelea inaweza kukivuruga kifaa hicho. Daktari akashauri nianze kufikiria biashara nyingine nyepesi, kwa mfano mboga. Mboga! Kwa mwendo huu wangu, sukuma itanyauka kabla sijamrudishia mteja chenji.