Jogoo wa Malimbuko

Kuku wa nyumba ya mwinjilisti hafi kwa uzee. Mkuu wa jimbo akipita, kuku. Kwaya ya mtaa wa pili ikija kututembelea, kuku wawili. Kwa hiyo Jumapili ya mavuno ilipofika, mimi nilikuwa nimebakiwa na matetea watatu na jogoo mmoja mwekundu, na mume wangu alikuwa ameshatangaza kila jumuiya kwamba malimbuko yataanzia nyumbani kwa mtumishi.

Kuku wetu hulala jiko la nje, juu ya kuni. Saa kumi na moja alfajiri ukungu wa Usambara ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, umeme umekatika, na tochi iko kwa mume anayepitia mahubiri. Nikaingia nikipapasa. Tetea. Tetea. Gogo. Mkia mrefu, huyu hapa. Nikamfunga miguu kwa kipande cha kanga kuukuu, nikamtia kikapuni, nikajiona kabisa Hana anampeleka Samweli hekaluni.

Mume wangu hawezi kuhubiri mavuno bila kuanzia mwaka 1891, wamisionari wa Kijerumani walipofika Mlalo. Hadi aifikie karne hii, watoto wa Shule ya Jumapili wameshaegemeana kama magunia. Mimi nilikuwa nimeomba jambo moja tu, jogoo asiwike Petro akitajwa. Hakuwika. Alitulia kikapuni mbele ya madhabahu, kati ya kabichi na karoti, kama mzee wa kanisa anayesubiri kikao cha fedha.

Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada. Asiyeujua mnada wetu aelewe kwamba pale hakuna anayetafuta bei rahisi. Yai moja linanunuliwa kwa shilingi elfu moja, mnunuzi analirudisha, linauzwa tena elfu mbili. Siku ile yai moja lilizunguka mikono mitano, na aliyelipata mwisho alilibeba kama mtoto mchanga. Dalali wetu ni mzee ambaye siku za kawaida huongea kwa kunong'ona, lakini mpe kabichi mkononi uone.

"Jogoo wa nyumba ya mwinjilisti!" akanguruma, akimwinua juu. "Huyu amelishwa Neno!"

Ukungu ulikuwa umeshaondoka. Kwa mara ya kwanza nikamwona sadaka yangu kwenye mwanga. Mweusi. Shingoni ana madoa meupe. Mguu wa kushoto hauna kidole kimoja, na kidonda cha kidole hicho nilikipaka dawa mimi mwenyewe, mwezi wa nne, kwenye mguu wa jogoo wa Bibi, jirani yetu. Kumbe bwana huyu alikuwa amehamia kwa matetea wangu kimyakimya.

Bibi mwenyewe alikuwa mbele kabisa, miwani iko mkobani, maana miwani yake ni ya kusomea Biblia tu.

"Jamani," akasema, akikunja macho, "huyu si kama wa kwangu? Watapendeza wakiwa wawili. Elfu nane!"

Mwalimu mmoja akasema kumi. Bibi akasema kumi na mbili. Mume wangu akaninong'oneza, "Unaona kuku wetu anavyopanda?" Nikamfinya. Akadhani ni furaha, akanifinya na yeye.

"Elfu kumi na tano!" Bibi alikuwa amesimama sasa, anafungua pindo la kanga.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Nikafungua mdomo niseme kweli. Kilichotoka ni kigelegele. Hadi leo sijui kilitoka wapi. Wanawake wote wakaitikia, ngoma ya kwaya ikapigwa, mnada ukafungwa. Na kabla vumbi halijatulia, jogoo wangu mwekundu akapita katikati ya watu na matetea wake, taratibu, akielekea kwenye punje za mahindi zilizomwagika.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Akakaa chini. "Umetoa sadaka ya wizi," akasema, "siku ya mahubiri yangu!" Kilichomuuma zaidi ni yale mahubiri. Mtunza hazina naye hakutaka hata kusikia habari ya kurudisha pesa, daftari lilikuwa limeshafungwa. Nikachomoa elfu kumi na tano za sukari na sabuni, nikaenda kwa Bibi.

Nilimkuta kibarazani, safari hii miwani iko machoni, jogoo yuko mapajani, anamhesabu vidole.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa hapo, Mama Mwinjilisti. Hebu niambie, huyu wa kwako naye kidole alikatwa na nini?"

Nikaeleza yote. Bibi alicheka hadi akakohoa, akaagiza maji, akanywa, akaanza upya. Kisha akazipokea zile pesa, akazihesabu mara mbili, akazifunga pindoni. Nilikuwa na tumaini dogo kwamba angesema "basi mwanangu, acha tu." Hakusema.

Jioni, giza likianza kuingia, nikaenda kufunga jiko. Juu ya kuni, pembeni ya tetea wangu mnene kuliko wote, amekaa bwana asiye na kidole. Nikambeba kwapani nikarudi naye kwa Bibi, nikabisha hodi.

Akafungua mlango, akamtazama jogoo, akanitazama mimi juu ya miwani.

"Leo unaanzia bei gani?"