Matairi ya Mwaka Mzima kwa Barabara za Tanga: Tusichague kwa Ukubwa wa Kashata

Kila masika yanapokaribia, wenye pikapu na malori madogo katika mkoa wetu wa Tanga huanza kuulizana ni matairi gani wafunge mwaka huu, na jibu linalosikika mara nyingi kwenye magereji ni kwamba mtu atafute yale yenye kashata, yaani vipande vya mpira vilivyochongwa usoni mwa tairi, kubwa kuliko yote dukani. Sikubaliani na jibu hilo. Ninashikilia kwamba mtu mwenye gari moja, analolitumia mwaka mzima kwenye lami na nje ya lami, anapaswa kuchagua tairi kwa kuangalia sehemu kubwa ya safari zake, na zile siku chache za tope zito azikabili kwa upepo, kwa mwendo na kwa subira. Anayenunua tairi kwa ajili ya siku mbaya peke yake hulipia uamuzi huo siku zote zilizobaki.

Tuangalie safari ya kawaida ya mtu wa hapa. Anatoka mjini Tanga, anafika Muheza kwa lami, kisha anapinda kupanda Amani kufuata iliki, pilipili manga au mdalasini, njia inayomtoa karibu na usawa wa bahari na kumpandisha hadi mita 900 hivi katika milima ya Usambara Mashariki. Wiki inayofuata huyo huyo anapeleka mzigo wa machungwa Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze, zaidi ya kilomita 300 za lami inayochemka kwa jua. Huko Amani, mwezi wa Aprili, udongo mwekundu huteleza hata kwa mtembea kwa miguu. Upande wa Handeni na Kilindi kuna miiba ya migunga. Na kwenye njia ndogo za pwani ya Pangani kuna mawe ya matumbawe ambayo hukata ubavu wa tairi kama wembe. Tairi moja linatakiwa kuyapita yote hayo, masika, kiangazi na vuli, lakini ukihesabu kilomita kwa uaminifu utaona kwamba nyingi ni za lami, na lami yenyewe inazidi kusogea vijijini mwaka hadi mwaka.

Tairi la tope, lile lililoandikwa M/T, lina vipande vikubwa vya mpira vilivyoachana kwa nafasi pana. Kazi ya nafasi hizo ni kutema udongo tairi linapozunguka, kwa sababu kashata zikishajaa tope tairi zima hugeuka kipara hata kama lilinunuliwa jana. Hapo ndipo sifa yake ilipo, na ni sifa ya kweli. Tatizo ni kwamba nafasi hizo hizo hupunguza mpira unaogusa lami, hivyo gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, hasa mvua za kwanza za vuli zinapochanganyika na vumbi na mafuta yaliyokaa barabarani miezi yote ya kiangazi. Tena tairi la aina hiyo hunguruma, hula mafuta, na kashata zake huisha kwa kupanda na kushuka kama meno ya msumeno. Tairi la A/T, yaani la barabara mchanganyiko, lina vipande vilivyokaribiana, vyenye mikato midogo inayosaidia kushika barabara yenye maji, na kwenye kokoto na tope la wastani linafanya kazi ya kutosha kabisa. Kwa mwenye safari nilizozieleza, ninapendekeza A/T bila kusita.

Ninatoa nafasi moja tu. Mtu anayeishi juu huko, anayebeba majani ya chai au mbao kila siku kwenye njia za mashamba na hashuki kwenye lami ila kwa nadra, huyo anunue M/T na wala asibabaishwe na maneno yangu.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni matairi ya mtumba. Mengi huletwa kutoka nchi zenye theluji, na baadhi yake ni matairi ya majira ya baridi, yaliyotengenezwa kwa mpira laini makusudi ili usikakamae kwenye barafu. Yakifika hapa, mnunuzi huonyeshwa kina cha kashata na kuambiwa, "Bosi, hili bado jipya kabisa, pima mwenyewe kwa kidole." Kina ni kweli kipo, lakini mpira ule kwenye lami ya Januari na Februari huisha upesi, na gari hulegalega kwenye kona kama vile halijakamatwa vizuri na barabara. Alama ya kuangalia iko ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake. Ni kweli kwamba baadhi ya matairi ya A/T yanayofaa kabisa nayo yana alama hiyo, kwa hiyo isisomwe peke yake. Isomwe pamoja na umbo la kashata. Tairi lenye alama hiyo, lisiloandikwa A/T, lenye mikato midogo mingi mno kwenye kila kipande na mpira unaobonyea kirahisi kwa ukucha, liachwe pale pale dukani. Herufi M+S, yaani tope na theluji, peke yake haina uzito huo, kwani huandikwa kwenye matairi mengi ya kawaida.

Kisha kuna umri. Kila tairi lina herufi DOT zikifuatwa na mlolongo wa herufi na namba, na namba nne za mwisho hueleza lilitengenezwa lini: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi namba hizo nne huwa upande mmoja tu wa tairi, na fundi akilifunga upande huo ukatazama ndani, mwenye gari hulazimika kuingia chini na tochi ili asome. Aingie. Akiwa huko huko, akunje macho na kutazama mpira ulioko kati ya herufi za ubavuni na pale ubavu unapokutana na kashata, maana ndipo nyufa nyembamba za jua huanzia, nyembamba kama nywele, zikifuata mzunguko wa tairi. Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linaonekana zima. Kwa jua letu la pwani, mimi ningeiona miaka 10 kuwa mingi mno.

Kuhusu mzigo, watu husoma ukubwa wakaishia hapo. Baada ya ukubwa huo ubavuni huja namba ya uzito: tairi la 265/65R17 lenye namba 112 linabeba kilo 1,120. Tairi la pikapu nzito lenye namba 121 linabeba kilo 1,450. Namba ya pili inayofuata baada ya mkwaju, kwa mfano 121/118, ni kwa ajili ya gari linalofungwa matairi mawili mawili nyuma, ambapo kila moja hubeba pungufu kidogo, yaani kilo 1,320. Anayejaza pikapu magunia ya machungwa hadi springi zinalala, huku ana matairi ya gari la familia, anaomba tairi lipasuke njiani. Ajue pia kwamba uwezo huo mkubwa hupatikana pale tu tairi linapojazwa upepo linaoutaka. Tairi la kazi nzito likiwekwa upepo wa gari dogo halibebi zaidi ya lile lililotolewa.

Upana nao umegeuzwa pambo. Tairi pana husaidia kwenye mchanga kwa sababu huelea, lakini kwenye njia ya Amani, ambako chini ya utelezi kuna udongo mgumu, tairi jembamba huchoma tope na kufika chini panaposhikika. Ndiyo maana Land Cruiser za zamani zenye matairi membamba ya 7.50R16 bado zinapanda huko kwa heshima. Anayeongeza ukubwa kupita ule wa kiwandani hupata pia kipima mwendo kinachosoma chini ya mwendo halisi, breki zenye kazi ya ziada, na tairi linalosugua anapokata kona kali.

Sasa nifike kwenye upepo, ambao kwangu ni nusu ya mambo yote haya. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa limepoa, na kiwango chake kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Tairi likishatembea hupata joto na kipimo hupanda, takriban psi 1 (psi ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, kwa hiyo dereva anayesimama Segera mchana, akapima, akaona umezidi na kuupunguza, ameliacha tairi lake na upepo pungufu. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavu kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto ndani ya mpira, na joto hilo ndilo linaloachanisha tabaka za tairi hadi lipasuke. Wengi husema tairi limepasuka kwa sababu ya upepo mwingi na jua. Mara nyingi lilipasuka kwa upepo mchache.

Nje ya lami mambo hugeuka. Ukifika kwenye mchanga mzito au tope, shusha upepo kutoka psi 35 hadi 20 au hata 18 kwa gari lisilo na mzigo mkubwa, na utaona alama ya tairi ardhini inarefuka na gari lililokuwa linachimba linaanza kutembea. Kwa A/T iliyoshushwa upepo vizuri, sehemu nyingi ambazo watu huzitaja kuwa zinahitaji M/T hupitika. Masharti ni mawili: mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa na usukani usikatwe kwa ghafla, la sivyo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na ukirudi kwenye lami, ujaze kabla hujaondoka, kwani kutoka Muheza hadi Segera kwa upepo wa 20 ni kuliua tairi. Kwa sababu hiyo kila gari linalotoka nje ya lami linapaswa kuwa na geji nzuri na kompresa ndogo ya betri, na fedha ambayo mtu angeongeza ili apate M/T inaweza kununua vyote viwili.

Matairi yabadilishwe nafasi, ya mbele kwenda nyuma, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, na alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ipimwe baada ya masika, barabara zinapokuwa zimetoboka. Kwa gari la fo-wili hili si la kuahirisha, kwa sababu matairi ya mbele yenye kashata nyingi na ya nyuma yaliyoisha huzunguka kwa tofauti, na tofauti hiyo huangukia kwenye gia za kugawa nguvu, ambazo bei yake inazidi seti nzima ya matairi. Kwa sababu iyo hiyo, fo-wili isiachwe imeingia kwenye lami kavu. Vijistari vilivyomo ndani ya mifereji ya kashata huonyesha kina cha milimita 1.6; kwenye lami hicho ndicho kikomo kinachotumika katika nchi nyingi, ila kwa atakayepanda Amani, tairi la kina hicho limekwisha muda mrefu.

Mwisho ni spea. Iwe ya ukubwa ule ule na aina ile ile, iingizwe kwenye mzunguko wa kubadilisha nafasi ili isizeeke bila kutumika, na ijazwe upepo juu kidogo ya kiwango, kwani porini ni rahisi kupunguza kuliko kuongeza. Kabla ya Machi, ishushwe kutoka chini ya gari, mnyororo wake usafishwe kutu na kupakwa grisi, na jeki ijaribiwe ikiwa juu ya kipande cha ubao mpana, kwa sababu kwenye udongo wa masika jeki isiyo na ubao huzama badala ya kuinua gari.