Jeni za kubandika sukari: PCR kwanza, au jenomu nzima?

Tuseme maabara ya Kampala imeotesha aina 60 za Streptomyces, bakteria wanaotengeneza antibiotiki nyingi, kutoka udongo wa msitu wa Mabira na matope ya ziwa la chumvi la Katwe. Inatafuta jeni za glikosiltransferasi, vimeng'enya vinavyobandika sukari kwenye molekuli ambazo bakteria huzitengeneza. Sukari hizo si pambo: antibiotiki ya erithromisini ikikosa sukari yake ya desosamini haishiki vizuri ribosomu, kiwanda cha protini cha kijidudu. Pesa ni kidogo. Zianzie wapi: kwenye PCR, yaani kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi, au kusoma jenomu nzima, DNA yote ya bakteria?

Wanaotetea PCR wana hoja nzito. Glikosiltransferasi nyingi za antibiotiki zina mfuatano wa asidi amino HHGGAGT karibu na mwisho wa protini. Praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR) ya herufi 20, inayofunika michanganyiko yote ya kodoni za mfuatano huo, yaani herufi tatu tatu za DNA zinazotaja kila asidi amino, ingekuwa na aina 1,024. Lakini Streptomyces hupendelea sana G au C katika herufi ya tatu ya kodoni. Ukifuata tabia hiyo, zinabaki aina 16. Tena praima ya kurudi, inayosoma uzi wa pili kinyume, huishia GTGGTG, isiyobadilika, pale pale kimeng'enya cha PCR kinapoanzia kazi.

Hapa ndipo wengi huharibu. DNA ya bakteria hawa ina G na C zaidi ya asilimia 70, kwa hiyo nyuzi haziachani kirahisi. Weka DMSO, kemikali inayolegeza nyuzi, asilimia 5, tenganisha nyuzi kwa nyuzijoto 98, na kila mara ambatanisha DNA ya Saccharopolyspora erythraea, mzalishaji wa erithromisini, kama kipimo cha uhakika. Bila hicho, jeli ya kuonyeshea DNA isipokuwa na mstari haithibitishi kwamba jeni haipo.

Hata mstari ukitokea, PCR huleta tu jamaa wa jeni zinazojulikana. Isitoshe, baadhi ya Streptomyces wana glikosiltransferasi za kujikinga: OleD ya Streptomyces antibioticus hubandika glukosi kwenye oleandomisini ili dawa isimdhuru mwenye kuitengeneza. Kipande cha jeni peke yake hakikuonyeshi tofauti hiyo; majirani zake ndio huionyesha.

Majirani huonekana ukisoma jenomu nzima, herufi kama milioni 8 hadi 10, na programu ya bure ya antiSMASH huchora makundi ya jeni zinazokaa pamoja na kutengeneza molekuli moja. Lakini usomaji wa vipande vifupi hukwama kwenye jeni zinazojirudia za poliketidi, kiunzi cha dawa kama erithromisini, na glikosiltransferasi hujikuta kwenye kipande kingine, mbali na kundi lake. Kifaa cha MinION husoma vipande virefu. Kasoro yake ni kuruka herufi mara kwa mara kwenye G au C zinazofuatana, na jeni moja ikaonekana kama mbili zilizokatika. Wala kundi si lazima liwe na kila kitu: katika spinosini, dawa ya kuua wadudu, jeni kadhaa za kutengeneza sukari yake ya ramnosi ziko nje ya kundi kuu.

Kwa Uganda kuna uzito mwingine. Nchi imejiunga na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya viumbe vya nchi nyingine, kwa hiyo kupeleka sampuli nje kunahitaji vibali na mikataba ya kuzihamisha. MinION huweza kusomea hapa hapa, ila kazi yake huchukua hadi saa 72 na umeme ukikatika bila betri ya akiba, usomaji husimama.

Kwa maoni yangu, bakteria wakiwa chini ya kumi, soma jenomu moja kwa moja. Wakiwa 60, PCR iwe chekecheo, na jenomu zibaki kwa watakaopita. Lakini wachache waliokosa mstari nao wasomwe, maana huko ndiko kunaweza kuwa na jeni ngeni.

Katika njia zote mbili, jeni iliyopatikana bado ni dhana. Ing'oe kwenye bakteria, kisha pima molekuli anayotengeneza kwa spektrometa ya masi, kifaa cha kupima uzito wa molekuli: uzito ukipungua kwa daltoni 162 huashiria heksosi (sukari ya kaboni sita) kama glukosi, 157 desosamini. Irudishe, uone kama sukari inarudi. Kuijaribu ndani ya E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara, peke yake kunaweza kupotosha: EryCIII, inayobandika desosamini, hufanya kazi vizuri pale tu protini nyingine, EryCII, inapoisaidia.